Sikukuu za dunia: somo linaloanzia kwa jirani Wamaza

WAMAZA, Maniema. Kalenda ya sikukuu za taifa ya Kongo ina Noeli. Ina Mwaka Mpya, ambao watu wa mashariki wameuzoea kwa jina la Bonane. Ina Januari 4 ya mashujaa wa uhuru, Januari 16 ya Laurent-Désiré Kabila, Januari 17 ya Patrice Lumumba, Juni 30 ya uhuru na Agosti 1 ya wazazi. Tangu 2023 imeongezewa Aprili 6 ya Simon Kimbangu. Idi haimo.

Kwa mtoto wa Kinshasa huenda jambo hilo lisimguse sana. Kwa mtoto wa Wamaza, upande wa Kasongo na Kabambare kusini mwa Maniema, ni jambo la kila mwaka. Hapa Uislamu una mizizi mirefu kuliko karibu kila pembe nyingine ya nchi, na Wakristo na Waislamu wanachota maji kisima kimoja, wanauza soko moja na mara nyingi wana babu mmoja. Asubuhi ya Idi rafiki yake amevaa kanzu mpya na hayupo darasani. Siku ya Noeli shule nzima imefungwa. Mtoto wa miaka sita ataona tofauti hiyo, na atauliza.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto wadogo jinsi watu wa dunia wanavyosherehekea hana haja ya kuanza na ramani. Ana haja ya kujua atakavyojibu swali hilo bila kumuudhi mzazi yeyote. Na katika sehemu hii, hofu ya mzazi ina historia.

Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar wa ukoo wenye asili ya Oman, kuanzia miaka ya 1870. Misafara yake ilitafuta pembe za ndovu na kuwakamata watu utumwani, na hilo halisahauliki. Lakini njia hizo hizo zilileta mchele ambao mpaka leo ndio fahari ya mashamba ya Maniema, zikaleta Kiswahili kilichokuja kuitwa Kingwana, na zikaleta sala tano na mwezi wa mfungo. Jeshi la Dola Huru ya Kongo, likiongozwa na Francis Dhanis, liliiteka Kasongo Aprili 22, 1893. Wakubwa wa biashara walikimbia au waliuawa. Dini ilibaki.

Baada yao walikuja wamisionari, na pamoja nao shule. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitoa fedha za elimu kwa misheni, hasa za Kikatoliki, na ilivitazama vyuo vya Kurani kwa jicho la shaka. Mzazi Mwislamu alibaki na chaguo gumu: ampeleke mtoto misheni akijua huenda akarudi na jina la ubatizo, au ambakishe nyumbani. Wengi waliwabakisha nyumbani. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kufunguliwa kwa Waafrika kuanzia mwaka 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru. Kizazi kizima cha watoto Waislamu wa Maniema kilikosa kalamu kwa sababu wazazi waliogopa kilichokuja pamoja na kalamu hiyo.

Ndiyo maana mwalimu akisema leo asubuhi, "Watoto, kesho tutaimba nyimbo za Noeli," baadhi ya mabibi watauliza kwa sauti ya chini: kuimba tu, au kuna jingine?

Serikali nayo imewahi kuyumba. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu Sese Seko uliiondoa Noeli katika orodha ya siku za mapumziko na kuzitwaa shule za makanisa, baada ya kuwa umekwisha kupiga marufuku majina ya Kikristo. Yohana akawa na jina jingine kwenye daftari. Hata hivyo Desemba 25 iliendelea kuadhimishwa nyumbani na kanisani. Shule zenyewe zilirudishiwa wamiliki wake wa zamani kwa mkataba wa Februari 26, 1977, kati ya serikali na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu waliingia katika mpango kama huo baadaye. Matokeo yake ni kwamba leo kijiji kimoja kinaweza kuwa na shule ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya Kiislamu, zote zikifuata programu ya taifa, na watoto wakigawanyika kila asubuhi kwenye njia panda ile ile.

Mgawanyiko huo si kamili. Mzazi humpeleka mtoto kwenye shule iliyo karibu, au ile yenye mwalimu asiyekosa kuja. Na tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, madarasa yamejaa watoto wa kila nyumba.

Sheria inasemaje? Katiba ya mwaka 2006 inaitaja Kongo kuwa nchi isiyo na dini rasmi. Kifungu cha 45 kinaruhusu shule, zikishirikiana na viongozi wa dini, kuwapa wanafunzi wadogo elimu inayolingana na imani yao pale wazazi wanapoomba. Neno zito hapo ni "wanapoomba". Kumfundisha mtoto dini kunahitaji ombi la mzazi wake. Kumweleza kwa nini jirani yake amevaa vizuri leo ni jambo jingine kabisa, na kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kunakoharibu somo.

Mpaka kati yao unaonekana vizuri kwenye maneno ya mwalimu. "Waislamu wanafunga mwezi mzima, halafu wanafurahi" ni maelezo. "Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa Ramadhani" ni sala. "Wakristo husema Yesu alizaliwa zizini" ni maelezo, na mtoto wa Kiislamu, ambaye nyumbani anamjua Isa mwana wa Mariamu kuwa nabii, anaweza kuyasikia bila shida. Kumvika mtoto huyo mabawa ya malaika katika mchezo wa Noeli bila kuwauliza wazazi wake ni kuwarudisha babu zake kwenye hofu ile ya zamani. Tena kuna watoto ambao nyumba zao hazisherehekei chochote kati ya hivi, kwa mfano wa Mashahidi wa Yehova, na nao wasifanywe kioja mbele ya wenzao.

Kosa jingine la kawaida ni kuanzia mbali. Picha za Noeli zinazofika kwa simu zina theluji, mti wa msonobari na mzee mwenye koti zito. Desemba ya Wamaza ni mvua na matope. Mtoto akifundishwa kwamba Noeli halisi ni ya theluji, atadhani ya kwao ni ya kuigiza.

Mtoto wa miaka mitano hashiki mafundisho ya imani. Anashika sahani, nguo, ngoma na nani alikuja kututembelea. Mwulize alikula nini siku ya sikukuu naye atasimulia mpaka kengele ilie: wali, kuku, sombe, soda iliyogawanywa na watoto wanne, kikwembe kipya cha mama. Watoto wa Noeli na watoto wa Idi wakisimulia kwa zamu, watagundua wenyewe, kabla mwalimu hajasema neno, kwamba sahani zinafanana. Na wengi watakumbuka kwamba sahani ya upande wa pili imewahi kufika mlangoni kwao ikiwa imefunikwa kitambaa.

Kutoka hapo ndipo dunia inafunguka. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni Agosti 1, kwa sababu hiyo haina ugomvi wa dini. Siku ya wazazi, familia nyingi za Kongo huenda asubuhi makaburini kufyeka majani na kuyasafisha makaburi ya waliotangulia, kisha mchana hurudi kula na wazazi walio hai. Mtoto aliyewahi kushika ufagio siku hiyo atamwelewa mara moja mtoto wa Mexico, ambaye Novemba 1 na 2 huenda na familia yake makaburini na maua ya rangi ya machungwa, mishumaa na mkate mtamu uliookwa kwa ajili ya siku hiyo. Atamwelewa mtoto wa China, ambaye mwanzoni mwa Aprili hufagia makaburi ya mababu. Na atashangaa, labda atacheka kwa woga, akisikia kwamba katika nyanda za juu za Madagaska kuna familia ambazo baada ya miaka kadhaa huwatoa marehemu wao kaburini, huwavisha sanda mpya na kucheza nao kwa muziki kabla ya kuwarudisha. Mwache acheke. Halafu mwulize: wale watu wanawapenda wazee wao au hawawapendi?

Njia ya pili ni mlango wa jirani. Watoto wa Idi huzunguka nyumba za ndugu wakitarajia chochote, sarafu au peremende. Huko Oman, nchi walikotoka wazee wa Tippu Tip, kuna usiku wa katikati ya Ramadhani unaoitwa Qaranqasho. Watoto huvaa nguo za kienyeji, huzunguka mlango kwa mlango wakiimba na kugonga mawe au kombe za baharini, na kila nyumba huwapa pipi na karanga. Michezo ya namna hiyo inajulikana pia Kuwait, Qatar na Bahrain kwa majina yanayokaribiana. Wimbo hauhitaji kufundishwa. Mawe mawili na mdundo vinatosha, na Wamaza haina upungufu wa mawe.

Njia ya tatu ni mwezi wenyewe, na hii haigharimu hata chaki. Kila jioni mtoto anatazama angani na kutia punje moja ya maharagwe kwenye kopo. Mwezi ukiandama, anahesabu: 29 au 30. Wakubwa kidogo wanaweza kupewa hesabu nzima: miezi 12 ya namna hiyo ni kama siku 354, na mwaka wa kalenda ya ukutani ni siku 365. Ndiyo maana Idi inarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, huku Noeli ikikaa pale pale.

Pale pale? Si kwa wote. Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia husherehekea kuzaliwa kwa Yesu Januari 7, na vijana wao hucheza siku hiyo mchezo wa fimbo na mpira unaoitwa genna. Mtoto atauliza kama Yesu alizaliwa mara mbili. Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba watu wana kalenda tofauti. Zanzibar nako, wanakijiji wa Makunduchi huuaga mwaka mwezi Julai kwa Mwaka Kogwa, wakipigana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Na mtoto yule yule wa Kongo akivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu imewapokea Wakongomani tangu 1996, atakuta nchi ambayo Krismasi, Idi mbili na Maulidi zote ni siku za mapumziko.

Si kila mila ya ng'ambo inafaa kubandikwa ukutani bila maelezo. Nchini Ubelgiji watoto hungojea usiku wa kuamkia Desemba 6, wakiweka viatu tayari ili Mtakatifu Nikola awatilie peremende na biskuti, na karoti kwa ajili ya mnyama wake. Ni hadithi tamu. Lakini kwa miaka mingi msaidizi wake amekuwa mtu aliyejipaka uso rangi nyeusi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi iliitaka Uholanzi, yenye sikukuu hiyo hiyo, iachane na sura hiyo. Mwalimu wa Maniema, katika nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji, ana haki ya kusimulia viatu na karoti na kuiacha picha ile. Watoto wakikua, wataisoma wenyewe na watakuwa na la kusema.

Lugha ya somo hili haina utata. Sheria ya elimu ya Februari 11, 2014 inatambua lugha za taifa katika kufundishia watoto wa mwanzo, na huku lugha hiyo ni Kiswahili. Kifaransa kina maneno ya sherehe, ila hakina neno la bibi anayekupa mnofu wa paja kwa siri kabla wageni hawajafika.

Wazazi wengi wa leo walikuwa watoto mwaka 2000, katikati ya vita, Idi ilipoangukia siku mbili tatu baada ya Noeli. Duara hilo linakaribia kukamilika. Kwa hesabu za mwezi, mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili: mwanzoni mwa Januari, kisha tena karibu na Desemba 26. Mtoto anayeingia darasa la kwanza sasa atakuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi, na wiki hiyo nyumba moja ya Wamaza itakuwa inamalizia wali wa Noeli wakati nyumba ya pili imeshatoka nje kuutafuta mwezi.