Kupanda Bugarama si Kazi, Kazi ni Kushuka
Bujumbura imekaa kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Askari ashikaye Barabara ya Taifa namba 1 kwa pikipiki hufika Bugarama, kimo cha zaidi ya mita 2,000, kwa safari isiyotimia kilomita 40. Huko hewa ni nyepesi. Injini ya kabureta huzidiwa na petroli ikapungukiwa nguvu. Hilo lisimtishe. Pikipiki ikichoka kupanda, itasimama tu.

Taabu i katika kurudi. Breki ikibanwa mfululizo hupata moto, mafuta yake huweza kuchemka, na hapo hubanwa bure. Shuka kwa gia uliyopandia, injini ikuzuie. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kuzima injini ili kubania petroli ni ubahili wa hatari.

Tena wapo waendesha baiskeli, mashujaa wa mlima huu, washukao na mikungu ya ndizi kasi kama mshale, kisha wapandao kwa kuning'inia nyuma ya malori. Akiachia mmoja, huyumba mbele ya gurudumu lako. Basi lori lipe nafasi, hasa penye ukungu.