Jiko la Kuchomea Nyama kwa Safari ya Gari-Nyumba: Lipi Linafaa kwa Familia ya Kiislamu?



Himdi zote Anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake.

Wapo ndugu zetu wa visiwani wenye watoto na jamaa Canada na Marekani, ambao hwenda kuwatembelea miezi ya joto, skuli za huko zikiwa zimefungwa. Katika miezi hiyo watu wa huko hupenda kusafiri kwa gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, meza, choo na jiko ndani yake. Mchana ni gari, usiku ni malazi. Jiko lililomo ndani hutosha kwa chai na wali, lakini mishkaki, kuku na samaki wa kuchoma hawawezi kupikwa humo; moshi na mafuta vitajaa mpaka kwenye mashuka. Kwa hiyo familia hununua jiko dogo la kuchomea la kubebeka, likatumiwa nje.

Kununua jiko kwaonekana ni jambo dogo, lakini ndani yake mna mambo matatu mazito: uhai wa watu, tohara ya chakula na matumizi ya mali. Tutayaeleza moja moja, in shaa Allah.

Kwa nini uwe na jiko lako mwenyewe

Katika viwanja vingi vya kupigia kambi vya huko, kila nafasi ina meza ya mbao na wavu wa chuma uliowekwa juu ya shimo la moto. Kila anayelipia nafasi huutumia. Tatizo ni kuwa miongoni mwa waliotangulia wapo waliochoma nyama ya nguruwe na soseji zake. Mafuta yake hugandia kwenye chuma, na anayefuata huyayeyusha juu ya chakula chake mwenyewe.

Msingi wa suala hili umo katika Hadithi ya Abu Tha‘labah al-Khushaniy (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kula katika vyombo vya Watu wa Kitabu, kwani yeye na watu wake walikuwa wakiishi katika ardhi yao. Akamuelekeza kuwa wasile humo ikiwa wanapata vyombo vingine, na wasipopata waviosheni kwanza kisha wale. Katika mapokezi ya Abu Daawuud imebainishwa kuwa watu hao walikuwa wakipika nguruwe na kunywa ulevi kwa vyombo vyao. Tunapata hapa mambo mawili: kuwa na chombo chako ndiyo salama zaidi, na chombo kilichonajisika hakitupwi, bali huoshwa.

Ama namna ya kuosha, wanazuoni wametafautiana. Kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea visiwani kwetu, ni kuwa nguruwe huchukuliwa kama mbwa: chombo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wanazuoni wengi wengine wameona yatosha kuosha mpaka najisi iondoke, na Imam an-Nawawi, ambaye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, ameona kuwa kwa upande wa dalili kauli ya kutosha kuosha bila ya udongo ndiyo yenye nguvu. Atakayefuata kauli yoyote katika hizi ana wanazuoni nyuma yake.

Hukumu hiyo hiyo inahusu jiko la mtumba, na pia jiko linalokuja pamoja na gari la kukodi. Usione haya kumuuliza mwenye gari. Likiwa limetumiwa, ondoa mafuta yaliyoganda, lisugue na ulioshe kabla ya safari, ukiwa bado una bomba la maji na nafasi. Mwenye kulazimika kutumia wavu wa kambini, basi baada ya kuusugua na kuuosha na autandike karatasi nene ya aluminiamu juu yake, ili moyo wake utulie.

Aina tatu za majiko

Jiko la mkaa. Hili ndilo tulilolizoea, ndugu yake seredani. Bei yake ni nafuu, halina mpira wala vali ya kuharibika, na ladha ya moshi wake inajulikana. Lakini kwa safari ya gari lina taabu zake. Mkaa huchukua kama dakika 20 hadi 30 kushika vizuri, huku watoto wana njaa. Mkishamaliza kula, mkaa na majivu hubaki na moto kwa saa nyingi, pengine mpaka siku ya pili, na nyinyi mnataka kuondoka. Tena nchi hizo hupata moto wa misitu wakati wa kiangazi, na serikali zao hutangaza makatazo ya kuwasha moto. Mara nyingi makatazo hayo huhusisha mkaa na kuni, lakini huruhusu jiko la gesi lenye vali ya kuzimia. Mwenye jiko la mkaa peke yake siku hiyo atakula mkate.

Jiko la gesi. Hili ndilo linalowafaa wengi. Huwaka papo hapo, moto wake hupunguzwa na kuongezwa, na huzimika mara unapofunga vali. Gesi inayotumika huko zaidi ni propeni. Kuna sababu ya hilo: propeni huendelea kugeuka mvuke mpaka baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri, ilhali buteni hugoma ikikaribia nyuzi sifuri. Usiku wa milimani, hata mwezi wa Julai, baridi yaweza kumshangaza mtu aliyetoka Unguja au Mombasa, na jiko la buteni likawaka kwa unyonge.

Jiko la umeme. Halina moto wala majivu, na linafaa siku za makatazo makali. Lakini linataka sehemu ya kambi yenye umeme. Jiko la wati 1,500 kwenye umeme wa volti 120 wa huko huvuta ampea 12 na nusu. Gari lililounganishwa kwenye soketi ya ampea 30, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi na maji yakichemshwa kwa umeme, linaweza kukata umeme katikati ya upishi. Zima kimoja kabla ya kuwasha kingine.

Ukubwa na madini yake

Kwa familia ya watu wanne au watano, wavu wenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 45 unatosha kuchoma kuku mmoja aliyekatwa vipande, au mishkaki ya watu wote kwa awamu mbili. Kikubwa zaidi ya hicho hula nafasi ya mizigo, na nafasi ndani ya gari-nyumba ni ghali kuliko jiko lenyewe. Pima sehemu litakapowekwa kabla ya kwenda dukani, mfuniko ukiwa umefungwa na miguu imekunjwa.

Wavu wa chuma cha kusubu hushika joto vizuri, lakini ni mzito na hushika kutu usipopakwa mafuta. Wavu wa chuma kisichoshika kutu ni mwepesi na rahisi kuosha. Chagua jiko lenye mfuniko, kwani upepo wa wazi huiba moto, na lenye trei ya mafuta inayochomoka, kwani mafuta yaliyojikusanya ndiyo yanayolipuka moto. Tazama pia kama lasimama imara: lisukume kwa kidole dukani. Mtoto atakayelisukuma kambini hatatumia kidole.

Kuhusu kusafishia, jihadhari na brashi za waya. Nyuzi zake hukatika, zikaganda kwenye wavu, zikaingia katika nyama na kumchoma mtu kooni au tumboni. Kitambaa kinene chenye maji, au kitunguu kilichokatwa nusu na kushikwa kwa uma, husafisha wavu wa moto vizuri tu.

Gesi ya gari na gesi ya jiko

Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa zao. Magari-nyumba mengi yana sehemu ya nje ya kuunganishia mpira wa gesi, na muuzaji atasema jiko lake laweza kuchomekwa hapo. Lakini gesi inayotoka hapo imeshapunguzwa nguvu na reguleta ya gari, ilhali majiko mengi madogo yametengenezwa kwa mtungi mdogo wenye nguvu kamili, na yana reguleta yao wenyewe. Ukiyaunganisha, gesi inapunguzwa mara mbili, na moto unakuwa kama wa mshumaa. Ni sawa na kufunga koki mbili katika bomba moja la maji. Basi uliza suali moja tu: jiko hili ni la gesi ya nguvu ndogo ya gari, au la mtungi wake? Kama hujapata jibu la wazi, nunua linalotumia mtungi wake.

Mtungi mdogo wa kawaida wa huko una gesi ya takriban gramu 465. Kwa jiko la kiasi, moto ukiwa juu kabisa, hutoa saa mbili hadi mbili na nusu, yaani milo miwili au mitatu. Mitungi hiyo ni ya kutumia mara moja, na kuisafirisha ikiwa imejazwa tena ni kosa katika sheria ya Marekani. Kwa safari ya wiki mbili, mtungi mkubwa wa kilo 9 pamoja na mpira wake maalumu huokoa pesa. Lakini mtungi wowote usilale ndani ya gari mlimolala watu. Propeni ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, bali hutuama sakafuni ikisubiri cheche.

Kila unapounganisha mtungi, pakaza maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, kuna uvujaji. Funga, kaza, jaribu tena. Usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Jambo linaloua bila ya harufu

Ndugu zetu, sehemu hii tunaomba isomwe na kila mtu ndani ya nyumba.

Visiwani kwetu seredani huingia ndani: kumkanda mzazi, kutia udi, kuota moto siku za mvua. Nyumba zetu nyingi zina madirisha wazi na mapaa yanayopumua, na hata hivyo si salama. Gari-nyumba ni kinyume chake. Limezibwa kila upande ili baridi isipenye. Jiko la mkaa au la gesi la kuchomea likiingizwa humo, hata kama moto unaonekana umekwisha, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, hutapika, huona kizunguzungu, kisha hulala, na huenda asiamke. Kufungua dirisha moja hakutoshi.

Kwa hiyo jiko la kuchomea haliingizwi ndani kwa hali yoyote. Si kwa mvua, si kwa baridi, si kwa bibi anayetetemeka. Hutumiwa nje, angalau mita 3 kutoka kwenye gari, na si chini ya turubai la kivuli. Gari liwe na king'ora cha hewa hiyo, na kijaribiwe kwa kubonyeza kitufe chake kabla ya safari. Kikilia, toeni watoto nje kwanza, sababu itatafutwa baadaye.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash‘ariy (r.a.) kuwa nyumba moja ya Madina iliwaunguza wenyewe usiku, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari yao alisema kuwa moto ni adui wa watu, na akaamrisha uzimwe wanapotaka kulala. Maelekezo hayo yanafaa kambini kama yalivyofaa Madina. Gesi ifungwe kwenye mtungi, si kwenye jiko tu. Mkaa umwagiwe maji, ukorogwe, umwagiwe tena mpaka usihisi joto.

Nyama iwe halali, na iwe imeiva

Maduka ya nyama halali yapo katika miji mikubwa, lakini barabara za misituni hazina. Nunueni kabla ya kuondoka, mgandishe, mpange katika sanduku la barafu. Nyama mbichi ihifadhiwe chini ya nyuzi 4 za joto. Kuku huiva salama akifikia nyuzi 74 ndani, na nyama ya kusaga nyuzi 71. Kipima joto cha kuchomeka katika nyama ni cha bei ndogo, na ni bora kuliko kukisia gizani. Sahani iliyobeba nyama mbichi isibebe iliyoiva kabla ya kuoshwa.

Tena tukumbuke haki ya jirani. Nafasi za kambi zimekaribiana, na moshi wetu usiingie katika madirisha ya wengine. Angalieni upepo unakoelekea kabla ya kuwasha. Na mkizidisha mishkaki miwili, jirani naye ana pua.

Kwa ufupi

Kwa familia nyingi, linalofaa ni jiko dogo la gesi ya propeni, lenye mfuniko, wavu wa kuosheka, trei ya mafuta na mtungi wake wenyewe. Lisiwe la fahari. Liwe jipya, au liwe limetoharishwa. Na kilichobaki cha bajeti kinunue king'ora cha kaboni monoksaidi ikiwa gari halina, kwani jiko zuri bila ya watu wa kulizunguka halina faida.

Tunamuomba Allah Awahifadhi wasafiri wetu na Awarejeshe kwa salama. Aamiyn.

Na Allah Anajua zaidi.