Kompyuta ya bei poa ya kupimia saa nyumbani: mambo 6 ya kuangalia kabla hujatoa hela

Saa inayowahi sekunde 5 kwa siku ina kosa yenyewe, au kosa ni la kompyuta iliyoipima?

Kwa fundi saa anayefanyia kazi nyumbani, iwe Kamanga, Igoma au Sengerema mjini, hilo si swali la mchezo. Mteja akishalipa, halafu saa ikaendelea kuchelewa, haishii kudai hela yake tu. Anaondoka na jina lako.

Habari njema ni kwamba kazi hii haihitaji mashine ya gharama. Na sasa hivi ni wakati mzuri wa kutafuta. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mashine ambayo ofisi inaiona imepitwa na wakati inaweza kukaa kwenye meza ya fundi saa miaka mingine mingi, ikiwa na Linux, ambayo ni ya bure.

Tatizo ni kwamba watu wengi wakienda dukani wanauliza maswali yasiyo na maana kwa kazi hii: RAM ngapi, kioo inchi ngapi. Haya ndiyo ya kuuliza.

Kwanza, kompyuta inafanya nini hasa?

Saa ya mkono ya springi ina mapigo, kama moyo. Nyingi hupiga mara 18,000, 21,600 au 28,800 kwa saa moja. Yaani mapigo 5, 6 au 8 kila sekunde.

Unaweka maikrofoni ndogo inayogusa saa. Programu inasikiliza "tik" na "tak", inapima nafasi kati yake, kisha inakwambia saa inawahi au inachelewa sekunde ngapi kwa siku. Inaonyesha pia kama tik na tak zinalingana, na kama gurudumu la ndani linayumba kwa upana unaotakiwa. Mojawapo ya programu hizo inaitwa Tg, ni ya bure na inafanya kazi kwenye Linux.

Vipo pia vifaa maalumu vya kupimia vinavyojitegemea bila kompyuta. Kama wewe unapima dakika mbili na kumaliza, kifaa hicho kinakutosha, acha kutafuta kompyuta. Kompyuta inakuwa na faida pale unapotaka kuiacha saa ipimwe usiku kucha, ikiwa imelala, imesimama, imegeuzwa, na asubuhi ukute rekodi yote imehifadhiwa.

1. Usiulize kasi, uliza usahihi

Siku moja ina sekunde 86,400. Kosa la sekunde moja kwa siku ni sawa na sehemu 11.6 tu kwa milioni. Ni kidogo mno.

Sasa kumbuka: kompyuta nayo inahesabu muda kwa kristali ndogo iliyo ndani ya kadi ya sauti. Kristali ya bei rahisi inaweza kukosea sehemu 50 kwa milioni. Kwenye kusikiliza muziki hutajua kamwe. Kwenye kupima saa, hiyo ni sekunde 4.3 kwa siku.

Linganisha na hili: shirika la Uswisi linalothibitisha saa za usahihi wa juu, COSC, linakubali wastani wa kuchelewa sekunde 4 hadi kuwahi sekunde 6 kwa siku. Kwa hiyo kadi ya sauti peke yake inaweza kuifanya saa nzima ionekane mbovu, au saa mbovu ionekane nzima. Ukirekebisha kwa kufuata kipimo hicho, unaiharibu saa ya mteja kwa mikono yako.

Dawa yake haina gharama: irekebishe kompyuta kabla ya kuiamini. Tg ina sehemu ya kufanya hivyo kwa kutumia saa ya betri. Lakini saa ya betri ya kawaida nayo inaweza kupotea sekunde 15 kwa mwezi, yaani nusu sekunde kwa siku. Ilinganishe kwanza na saa ya intaneti kwa wiki mbili, uandike kosa lake, ndipo uitumie.

2. Angalia "masikio" yake

Hapa ndipo wengi wanaumia. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa kitambulisho, haina sehemu ya kuchomeka maikrofoni. Baadhi ya matoleo yana tundu la kutoa sauti tu, mengine hayana kabisa. Utahitaji kiunganishi cha sauti cha USB.

Laptopu nyingi zina tundu moja la pamoja kwa spika na maikrofoni. Ukifika dukani, chomeka kitu, rekodi sauti, sikiliza. Usikubali neno la "hiyo inafanya kazi bosi".

Kumbuka pia kwamba ukitumia kiunganishi cha USB, kristali inayohesabu ni ya kiunganishi hicho, si ya kompyuta. Ukikibadilisha, unaanza kurekebisha upya.

Na feni? Mashine inayopiga kelele juu ya meza moja na saa inakuvurugia kipimo. Isiyo na feni ni bora zaidi. Kama inayo, iweke meza nyingine.

3. Piga hesabu ya LUKU

Kompyuta ya kupimia inaweza kuwaka saa 24. Hapo bei ya dukani siyo bei yote.

Tuseme kompyuta kubwa ya mezani inakula wati 60. Kwa siku 30 ni uniti 43. Laptopu ya zamani iliyozimwa kioo, tuseme wati 12, ni uniti 8.6 hivi. Raspberry Pi 4 isiyo na kazi nzito, wati 3, ni uniti 2 na ushee.

Ukichukua shilingi 350 kwa uniti kama mfano, kompyuta ya mezani inakula kama 15,000 kwa mwezi, laptopu 3,000, na Pi haifiki hata buku. Kwa mwaka, ile ya mezani ni zaidi ya laki na themanini. Hiyo "ofa" uliyopata imeshakula hela ya mashine nyingine.

Kuna jambo jingine. Nyumba zinazotumia umeme kidogo, zile za kundi la uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei ya chini sana kwa uniti. Uniti 43 ni zaidi ya nusu ya kiwango hicho. Ukivuka 75, zinazozidi unalipia bei ya juu. Mashine moja inaweza kuibadilisha bili ya familia nzima.

4. Umeme ukikatika itakuwaje?

Laptopu yenye betri nzima ina faida kubwa hapa: umeme ukikata, kipimo kinaendelea. Kwa hiyo unaponunua laptopu ya mtumba, kipimo cha betri ni muhimu kuliko mikwaruzo ya kioo. Ichomoe kwenye chaja palepale dukani, subiri dakika 20, uone.

Raspberry Pi inahitaji ulinzi. Ikizimika ghafla wakati inaandika, memori kadi inaweza kuharibika na rekodi zote zikaenda. Pia matoleo ya kabla ya Pi 5 hayana saa ya ndani yenye betri. Umeme ukirudi na intaneti haipo, inaamka ikiwa na tarehe ya uongo.

Suluhisho ni kipande kidogo kinachoitwa DS3231. Kinatunza muda kwa kosa lisilozidi sehemu 2 kwa milioni kwenye joto la nyuzi 0 hadi 40, ambayo ni kama dakika moja kwa mwaka mzima. Pi 5 ina saa yake, ila betri unanunua pembeni.

5. Saa sahihi unaipata wapi?

Sio kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Matangazo ya dekoda yanachelewa sekunde kadhaa kwa sababu yanabanwa, yanapanda satelaiti, yanashuka, kisha yanafunguliwa.

Tumia NTP, mfumo wa kugawa muda kwenye intaneti. Kwenye Linux weka programu ya chrony, kisha uielekeze tz.pool.ntp.org. Kwa mtandao wa simu unaweza kukosea milisekunde kadhaa, pengine makumi. Kwa saa ya mkono hilo halina shida, hasa ukilinganisha kwa siku nyingi.

Unaogopa bando? Usiogope. Ujumbe mmoja wa NTP una baiti 76 kwenda na 76 kurudi. Ukiuliza seva nne kila baada ya dakika 17 hivi, mwezi mzima hauzidi megabaiti 2.

6. Ukitaka kwenda mbali zaidi: GPS

Kuna wanaotunza saa ya GPS nyumbani: wapenzi wa redio, wanafunzi wa elektroniki, watu wa mitandao. Satelaiti za GPS zimebeba saa za atomiki, na kifaa kidogo kama NEO-6M kinatoa pigo moja kila sekunde lenye kosa la sehemu za bilioni za sekunde tu.

Hapa aina ya tundu ndiyo kila kitu. Pigo hilo likipita kwenye USB, linaweza kuyumba hadi milisekunde nzima. Likiingia moja kwa moja kwenye pini za Raspberry Pi, linakaa ndani ya mikrosekunde chache. Kompyuta ya zamani ya mezani yenye tundu la siriali, lile la pini 9, nayo inafaa: pigo linaingizwa pini namba 1, ila volteji lazima zilinganishwe kwanza.

Kwa hiyo lile tundu ambalo muuzaji anaona aibu kulitaja kwa sababu ni la kizamani, kwako ndiyo sababu ya kununua.

Basi nichukue ipi?

Fundi wa saa za mkono: laptopu ya mtumba yenye betri nzima na tundu la maikrofoni linalofanya kazi. Hata ya miaka 10 inatosha.

Anayetaka kuacha kifaa kikiwaka muda wote: Raspberry Pi, pamoja na kiunganishi cha sauti cha USB na DS3231. Zero 2 W ilipotoka mwaka 2021 bei yake rasmi ilikuwa dola 15, lakini jumlisha chaja, memori kadi na viunganishi kabla hujasema ni rahisi.

Mwenye saa ya GPS: Pi, au kompyuta ndogo ya ofisi yenye tundu la siriali.

Kompyuta kubwa ya mezani, hata ukipewa bure, fikiria mara mbili. LUKU haitakupa bure.

Na yoyote utakayochukua, usipime saa ya mteja siku ya kwanza. Ipe wiki mbili, ilinganishe, andika kosa lake kwenye karatasi na uibandike ubavuni mwake. Ukishajua kompyuta yako inakosea kiasi gani, ndipo utaweza kumwambia mteja saa yake inakosea kiasi gani.