Kuruka kwa Upondo

Katika kisiwa cha Pemba, mtoto aliyekua karibu na pwani anaujua upondo. Ni mti mrefu, mwembamba, ulionyoka, nao hutumika kusukumia mtumbwi mahali penye maji machache, kama katika hori zenye mikoko. Mwenye mtumbwi huukita upondo chini, huuegemea kwa nguvu, na mtumbwi huenda mbele. Tope likiushika, sharti aung'oe upesi au auachilie. Asipofanya hivyo, mtumbwi utampita naye ataanguka majini.

Watu wa Uholanzi nao walikuwa na mti wa namna hiyo. Nchi yao ni tambarare, tena ina mitaro mingi ya maji. Mtu alipotaka kuvuka mtaro alikita mti mrefu katikati yake, akajirusha, akatua ng'ambo ya pili. Mchezo huo wa kuruka mitaro ungalipo huko hata leo. Katika nchi nyingine watu walianza kushindana kwa kuruka juu badala ya kuruka mbali, na kuruka kwa upondo kukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896. Wanawake walianza kushindana katika michezo hiyo mwaka 2000.

Mashindano huwa hivi. Husimamishwa nguzo mbili, na juu yake huwekwa ufito mwepesi ambao ukiguswa kwa nguvu huanguka. Mbele yake pana kishimo kidogo ardhini, na nyuma yake pana godoro nene. Mrukaji hushika upondo wake, hukimbia kama mita 40, huukita upondo katika kishimo, hupanda pamoja nao, huupitisha mwili wake juu ya ufito, kisha huuachilia upondo na kuangukia godoro. Zamani pondo zilikuwa za mti mgumu, kisha za mwanzi. Mwaka 1940 Cornelius Warmerdam wa Marekani alivuka futi 15 kwa upondo wa mwanzi, naye alikuwa mtu wa kwanza kufika kimo hicho. Siku hizi pondo hutengenezwa kwa nyuzi za kioo, nazo hupindika kama upinde na kumrusha mtu juu.

Mrukaji hupewa majaribio matatu kwa kila kimo. Akishindwa mara tatu mfululizo, ametoka. Lakini aweza kuacha kimo kimoja na kungoja kingine kilicho juu zaidi, akachukua huko majaribio yaliyombakia. Kwa hiyo kila kosa lina hesabu yake, na mwenye kukosa mara mbili hukimbia akijua kwamba hana tena nafasi nyingine.

Juu ya hayo yote kuna upepo. Mpemba anajua kwamba kaskazi ina miezi yake na kusi ina miezi yake, na kwamba kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, wakati ambapo upepo hugeuka-geuka na nahodha hawezi kuuamini. Kiwanja cha michezo huweza kuwa na maleleji yake katika saa moja tu. Mtu wa kwanza hupata upepo wa nyuma, na wa pili hupata upepo wa mbele.

Upepo ukitoka nyuma, hatua za mrukaji hurefuka, naye hufika karibu mno na kishimo. Ukitoka mbele, hatua hufupika, naye hujikuta mbali na mahali pa kurukia, tena mwendo wake umepungua. Ukipiga ubavuni, huuyumbisha upondo mikononi mwake. Basi mrukaji mwenye akili hutazama bendera kabla ya kukimbia. Kwa upepo wa nyuma husogeza mwanzo wa mbio zake nyuma kidogo, na pengine huchukua upondo mgumu zaidi. Kwa upepo wa mbele huanzia karibu zaidi, huushika upondo chini kidogo, au huchukua ulio mwepesi kupindika.

Kosa lenyewe pia humfundisha mtu. Mrukaji akiugonga ufito wakati angali akipanda, ajue kwamba ufito u karibu mno, na waamuzi wakubali kuusogeza upande wa godoro. Akifika juu mapema, kisha akauangukia wakati wa kushuka, ajue kwamba u mbali mno. Sheria inaruhusu kuusogeza hadi sentimita 80 kutoka mwisho wa kishimo. Upondo ukivunjika, jaribio halihesabiwi kuwa kosa. Na upepo ukiuangusha ufito baada ya mtu kuuvuka salama bila kuugusa, mruko wake ni halali. Lakini mbio zake zikiwa mbaya, asiusingizie upepo, kwa maana atabadilisha lisilo na kasoro na kuliacha lenye kasoro.

Mwaka 1992, katika Olimpiki ya Barcelona, alikuwako Sergey Bubka, mzaliwa wa Ukraine, mshindi wa Olimpiki ya mwaka 1988 na bingwa wa dunia mara tatu. Watu walimhesabu kuwa mshindi kabla hajaruka. Alijaribu mita 5.70 akashindwa mara mbili. Akakiacha kimo hicho, akapeleka jaribio lake la mwisho kwenye mita 5.75, na hapo pia akashindwa. Akatoka bila kuvuka kimo hata kimoja. Hiyo ilikuwa tarehe 7 Agosti. Tarehe 30 ya mwezi huo huo, mjini Padua nchini Italia, aliruka mita 6.12, kimo ambacho hapakuwa na mtu aliyewahi kukiruka nje ya ukumbi.

Fabiana Murer wa Brazil alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2011. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya London, upepo ulimsumbua. Katika jaribio lake la mwisho alikatiza mbio zake, akatolewa, na wengine wakamlaumu. Lakini upondo unaoyumba huweza kumtupa mtu nje ya godoro, na mwili ukivunjika hauna jaribio la pili. Mwaka 2015 alikuwa wa pili katika mashindano ya dunia.

Kwa sababu ya hatari hiyo, mchezo huu haujaribiwi kwa upondo wa mtumbwi, wala pasipo mwalimu na godoro. Lakini akili yake yaweza kujifunzwa na kila mtu. Nahodha wa Pemba akikutana na upepo wa omo, haufokei. Hubisha, akigeuza tanga huku na huku mpaka afike. Vivyo hivyo mrukaji aliyeshindwa hujiuliza maswali mawili: lipi lilikuwa la upepo, na lipi lilikuwa langu? Akiisha kujua, hubadilisha jambo moja, hurudi mwanzo wa njia, na kukimbia tena kwa moyo wake wote. Wahenga walisema: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.