Honi ya Treni Ina Kazi Yake Relini, Si Mtaani

Wakazi wa Kisumu wameuzoea mlio wa treni tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, wakati mji huu ukiitwa Port Florence. Siku hizi mlio kama huo hutoka pia kwenye baadhi ya matatu, mabasi na malori yaliyofungwa honi za hewa.

Honi hii hufanyaje kazi? Pampu hujaza tangi hewa yenye shinikizo. Dereva anapobonyeza swichi, vali hufunguka na hewa hupita kwa nguvu kwenye bati jembamba la duara, ambalo hutetemeka kwa kasi. Tarumbeta iliyo mbele yake huikuza sauti hiyo. Tarumbeta ndefu hutoa mlio mzito, fupi hutoa mlio mwembamba. Treni huunganisha kadhaa zilie pamoja.

Treni hupewa honi kali kwa sababu haiwezi kukwepa mtu, na treni ndefu ya mizigo huweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kusimama. Lazima isikike mapema. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria inataka honi ya treni ifikie desibeli 96 hadi 110 ikipimwa umbali wa mita 30.

Matatu hukwepa na husimama karibu. Anayeumia ni aliye jirani: mwendeshaji bodaboda anayeshtuka na kuyumba, mama aliyebeba mtoto, mchuuzi wa kando ya barabara. Sauti ya desibeli 100 huweza kudhuru masikio ndani ya dakika 15 tu.

Fikiria wagonjwa wa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, karibu na Kondele. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 40 mchana na 35 usiku katika maeneo ya utulivu. Mahali pa wazi, kelele hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kwa hiyo honi ya desibeli 96 kwa mita 30 bado hufika na desibeli 78 kwa mita 240.

Wenye mabasi na malori ya breki za hewa wajihadhari pia. Honi iliyounganishwa vibaya kwenye mfumo huo huweza kuvujisha hewa inayohitajika kusimamisha gari.

Katiba imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Madereva wanahimizwa kutumia honi ya kawaida, tena kwa tahadhari tu, si kuita abiria. Mkazi anayesumbuliwa aandike namba ya gari, mahali na saa, kisha aripoti kwa idara ya mazingira ya kaunti, ofisi ya NEMA au kituo cha polisi kilicho karibu.