Klarineti na piano mikononi mwa watu wa nyumba moja

Mwishoni mwa mwaka 1832 mpuliza klarineti Heinrich Baermann wa Munich na mwanawe Carl walipita Berlin wakiwa safarini kwenda Urusi. Mjini humo walikuwa na rafiki, Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 23, mtunzi, mpiga piano na, kwa dalili zote, mtu wa kupenda kula. Kwa mujibu wa simulizi aliyoiacha Carl, Mendelssohn aliwapa sharti: wao waingie jikoni wampikie vyakula vya kwao Bavaria, maandazi ya mvuke na keki ya kukunja yenye malai, naye akae chumbani awatungie muziki. Chakula kilipoiva, muziki nao ukawa tayari. Ulikuwa wa klarineti, klarineti ndefu ya sauti nzito iitwayo honi ya baseti, na piano. Hati yake ina tarehe 30 Desemba. Kipande cha pili kilifuata Januari. Leo vinaitwa Konzertstück, opasi 113 na 114.

Ni muziki wa kuchangamsha, wala haukukusudiwa kuwa zaidi ya hapo. Lakini mtunzi alijua anawatungia nani. Kuna mahali piano inanyamaza na baba na mwana wanakwenda peke yao, mmoja juu mwingine chini, bila kiongozi wala mdundo wa kushikilia. Hapo panahitaji watu wanaojua mwenzao atavuta pumzi lini. Hawa, baba alikuwa amemfundisha mwana, na walikuwa wakisafiri pamoja tangu Carl akiwa kijana.

Familia zinazopanda jukwaani na klarineti na piano hazijaisha: mume na mke, kaka na dada, mzazi na mtoto. Mabango yao yana desturi moja isiyonipendeza. Jina la mpuliza klarineti huandikwa kwa herufi kubwa, na la mpiga piano huwekwa chini kwa herufi ndogo, kana kwamba ameitwa kubeba mizigo. Kwa nyimbo nyingi za jioni kama hiyo, hilo si kweli. Mtunzi Weber, aliyezunguka na Heinrich Baermann mwaka 1811 yeye mwenyewe akipiga piano, baadaye alitunga Grand Duo Concertant ambayo sehemu yake ya piano ingemtoa jasho mtu yeyote.

Ugumu wenyewe unatokana na maumbile ya vyombo hivi viwili. Nyundo ya piano ikishagonga waya, sauti huanza kufa papo hapo, na mpigaji hana namna ya kuikuza tena. Klarineti inaweza kuanza kimya kabisa, ikakua mpaka ikajaa ukumbi, kisha ikarudi kimya kwa pumzi ileile. Sasa mpiga piano atajuaje sauti iliyoanza kimya imeanza lini? Hawezi kungoja aisikie, maana atakuwa amechelewa. Anasikiliza pumzi inavyovutwa kabla yake. Ukikaa karibu na jukwaa utaisikia hata wewe, na ndiyo inayowapa wote wawili mwendo wa wimbo.

Halafu kuna suala la kulingana sauti. Piano imeshawekwa sawa na fundi na usiku huo haisogei. Klarineti haitulii. Ikiwa baridi, sauti yake hushuka, na ikipata joto hupanda. Ukiipuliza kwa nguvu huelekea kushuka, ukiipuliza kwa upole huelekea kupanda. Basi kila vyombo hivi vinapokutana kwenye noti moja, klarineti ndiyo inayosogea, kwa kubadili midomo na koo, na pengine kwa kufunika tundu moja zaidi. Mpiga piano mwenye masikio humsaidia kwa kupunguza uzito wa kidole kinachopiga noti ileile, ili kasoro isianikwe.

Bomba lenyewe nalo lina ukaidi wake. Lina upana ulio sawa karibu urefu wote, na upande mmoja limezibwa na mdomo wa mpulizaji. Filimbi ukiipuliza kwa nguvu zaidi hutoa do ya juu ya ile do uliyoishika. Klarineti ukishika do ya chini na kubonyeza ufunguo wa dole gumba hutoa sol iliyo juu ya do hiyo ya juu. Ndiyo maana ina sauti mbili kama za watu tofauti: ya chini nene na nyeusi, ya juu angavu. Katikati kuna noti chache dhaifu ambazo kila mwanafunzi huzichukia.

Wanakwaya waliozoea kuiweka do popote hawatashangaa nikisema kwamba wawili hawa husoma karatasi zisizofanana. Katika Sonata ya Kwanza ya klarineti na piano ya Brahms, mpiga piano anasoma F maina na mpuliza klarineti anasoma G maina, na sauti inayotoka ni moja. Mazoezini mmoja akisema "turudie kwenye ile G," mwenzake anaitafuta asiione. Hapo ndipo faida ya undugu inapoonekana, na pia hasara yake: mgeni utamwambia kwa adabu kwamba amekosea, dada yako utamwambia vingine.

Sonata hiyo, pamoja na mwenzake ya E-flati meja, zinaunda opasi 120 na ni nguzo ya karibu kila onyesho la namna hii. Brahms alikuwa amekwisha kuamua kupumzika kutunga aliposikia, mwaka 1891 huko Meiningen, klarineti ya Richard Mühlfeld, mtu aliyeingia okestra hiyo kama mpiga fidla na kujifundisha klarineti mwenyewe. Sonata hizi zilikuja kiangazi cha 1894, na Januari 1895 wawili hao walizipiga hadharani Vienna, mtunzi akiwa kwenye piano. Sikiliza mwanzo wa ile ya F maina: piano inaanza peke yake, mikono yote miwili ikipiga noti zilezile katika oktava tofauti, bila kodi. Klarineti inaingia baadaye, ikipokea hoja iliyokwisha kuanzishwa.

Na klarineti ya Mühlfeld ilitengenezwa Munich na Georg Ottensteiner, kwa mpangilio wa funguo alioubuni pamoja na Carl Baermann, yuleyule aliyempikia Mendelssohn. Mwana wa Carl, aliyeitwa Carl pia, alishika piano, akasoma kwa Liszt na kuhamia Boston.

Chombo cha Mühlfeld kilikuwa cha mti wa manjano wa Ulaya. Klarineti utakayoiona jukwaani leo ni nyeusi, na kwa kawaida weusi huo si rangi ya kupaka. Ni mpingo wetu, unaotoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Kiini chake ni kizito hata ukikitupa majini kinazama, na kinapokea tundu la milimita chache bila kuchanika. Lakini mti wenyewe hukua polepole mno, mara nyingi umepinda au una uwazi ndani, na fundi wa Paris anataka kipande kinyoofu kisicho na ufa. Sehemu kubwa ya gogo haifiki kwenye klarineti. Kilwa, vijiji vinavyosimamia misitu yake kwa msaada wa shirika la MCDI vilipata cheti cha usimamizi wa misitu cha FSC mwaka 2009, ili mpingo wao uuzwe ukijulikana umetoka wapi na umevunwaje. Ajabu ni kwamba mti huu uliostahimili jua la Kilwa unaweza kupasuka Ulaya wakati wa baridi, pumzi ya joto ikipita ndani na nje kukiwa na ubaridi mkavu. Klarineti mpya hupigwa dakika chache tu kwa siku mpaka izoee.

Ukienda kusikiliza, kaa upande wa kushoto ukitazama jukwaa, uone vidole vya mpiga piano. Kama kwenye programu kuna Fantasiestücke za Schumann za mwaka 1849, usipige makofi katikati: vipande ni vitatu, na mtunzi aliagiza vifuatane bila kusimama. Brahms wa F maina ana sehemu nne, na baina yake mpuliza klarineti huenda akafungua chombo na kupitisha kitambaa ndani. Anakausha maji ya mvuke yasije yakakwama kwenye tundu na kuifanya noti itoe mlio wa maji. Mpiga piano atamsubiri.