JE, YAFAA MTOTO MDOGO KULETWA KAZINI?

Akina mama wengi, wa mjini na wa mashambani, hufanya kazi ya mshahara mbali na nyumbani kwao. Kwa hiyo liko swali ambalo huulizwa mara kwa mara maofisini, viwandani na masokoni: mama akikosa mtu wa kumwachia mtoto wake, je, yafaa amchukue aende naye kazini? Wengine husema kwamba hiyo ni haki yake, wala hapana wa kumzuia. Wengine hujibu kwamba kazi ni kazi na nyumba ni nyumba. Pande zote mbili zina maneno ya kweli, na yafaa tuyapime kabla ya kukata shauri.

JAMBO LILILOTOKEA BUNGENI

Swali hili lilivuma Kenya nzima tarehe 7 Agosti, 2019. Siku hiyo Bi. Zuleikha Hassan, ambaye wakati ule alikuwa Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa mjini Nairobi akiwa amempakata mtoto wake wa miezi mitano. Bw. Christopher Omulele, aliyekuwa amekalia kiti cha Spika, alimwamuru atoke. Kanuni za Bunge hazikuruhusu mgeni kuingia ukumbini, na kila asiyekuwa mbunge alihesabiwa kuwa mgeni, hata akiwa mtoto anyonyaye. Palizuka makelele, na baadhi ya wabunge wanawake wakatoka nje pamoja na mwenzao. Bi. Zuleikha alieleza ya kwamba alikuwa amepatwa na dharura, na ya kwamba kama pangalikuwa na chumba cha watoto angalimwacha mtoto wake humo.

Maneno hayo ya mwisho yataka kuangaliwa sana. Mama yule hakudai kwamba ukumbi wa Bunge ndipo mahali pa kulelea watoto. Alitaka mahali pa karibu. Ziko nchi ambazo zimelegeza kanuni za namna hii. Nchini Australia, mwezi wa Mei, 2017, Seneta Larissa Waters alimnyonyesha binti yake ndani ya ukumbi wa Seneti, kwa kuwa kanuni zilikuwa zimekwisha kubadilishwa. Lakini ukumbi wa majadiliano si sawa na karakana yenye mashine, na ruhusa iliyofaa huko haiwezi kufaa kila mahali.

SABABU YA MTOTO KULETWA

Watu hudhani kwamba mama huja na mtoto kwa uzembe au kwa kukosa adabu. Mara nyingi sivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 pamoja na mshahara wake wote, na baba hupewa wiki 2. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa muda wa miezi 6 ya kwanza, bila chakula kingine, wala hata maji. Ukitoa miezi 3 katika 6, yabaki miezi 3 ambayo mama amekwisha kurudi kazini na mtoto angali akihitaji maziwa yake mchana kutwa.

Tena maziwa ya mama si kama maji ya mtungi, ambayo huweza kukaa yakingoja. Matiti hutoa maziwa kwa kadiri yanavyonyonywa au kukamuliwa. Mama akikaa saa nane au tisa bila kunyonyesha wala kukamua, siku baada ya siku, maziwa hupungua. Ndipo mtoto huanza kupewa uji au maziwa mengine kabla ya wakati wake, na maji au chombo kisipokuwa safi, mtoto huharisha.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliwaamuru waajiri kuweka mahali pa kunyonyeshea katika sehemu za kazi. Sheria hiyo hutaja vitu vinavyotakiwa: mahali pa kunawia mikono, jokofu au chombo kingine cha kuhifadhi ubaridi, umeme, meza ndogo na viti vya kukalia kwa raha. Kadhalika mama hupewa nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na wakati wa chakula, isiyozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi.

HATARI ZA MAHALI PA KAZI

Hata hivyo wanaokataza wana hoja yenye nguvu. Mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Yeye hutambaa chini palipo na vumbi, hutia mkono kinywani, na hupumua upesi kuliko sisi. Vumbi la madini ya risasi, kama lile la betri za magari, humdhuru ubongo hata likiwa kidogo. Dawa za kuua wadudu mashambani, mafuta yanayochemka jikoni mwa hoteli, mashine zinazozunguka, na magonjwa ya wodini, vyote ni hatari kwake. Ndiyo maana Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haiwaangalii wafanyakazi tu; huwaangalia pia watu wengine wanaoweza kudhurika kwa sababu ya kazi inayofanyika.

Na kazi yenyewe hudhurika. Mshika mbili moja humponyoka. Karani anayehesabu fedha za watu huku mtoto akilia miguuni pake, huenda akakosea hesabu na tena asimwone mtoto akiokota kitu cha hatari.

WASIO NA MWAJIRI

Mama auzaye mboga sokoni hana mwajiri wa kumjengea chumba. Yeye humweka mtoto chini ya meza, karibu na barabara na majiko ya moto. Wengine humzuilia nyumbani binti mkubwa ili awe yaya. Hili halifai kabisa, kwa kuwa tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kwenda shule ni lazima, na mtoto mmoja asilelewe kwa kumnyima mwingine elimu. Ni afadhali wanawake wa soko moja washirikiane, watafute mahali penye kivuli na maji safi, mbali na magari, nao wachange fedha kidogo kidogo wamlipe mama mmoja mwaminifu awatunze watoto wote.

SHAURI LETU

Jibu letu basi ni hili: mtoto anyonyaye awe karibu na kazi, lakini asiwe ndani ya kazi. Ili jambo hili liwezekane, kila mmoja ana wajibu wake.

Mama amwarifu mwajiri wake, kwa barua, kabla likizo haijaisha, nao wapatane saa za kunyonyesha. Ajifunze pia kukamua maziwa kwa mikono safi. Maziwa hayo huweza kukaa saa 4 mahali pasipo joto kali, au siku 4 ndani ya jokofu, na mtoto huweza kunyweshwa kwa kikombe safi.

Mwajiri asidhani kwamba anatakiwa kujenga jumba. Chumba kidogo chenye mlango, kiti, maji na jokofu chatosha kuanzia. Mfanyakazi asiyekuwa na wasiwasi juu ya mtoto wake hufanya kazi vizuri, na mwajiri hapotezi mtu aliyekwisha kuzoea kazi.

Baba naye asikae kando kana kwamba shauri hili ni la wanawake tu. Atumie likizo yake kusaidia nyumbani, na ahakikishe kwamba yuko mtu wa kuaminika wa kumtunza mtoto. Mtoto ni wa wazazi wawili, na shida ya kumtafutia mahali pa kukaa isiachiwe mama peke yake asubuhi anapotoka kwenda kazini.